Nyota Sabini na Mbili Imemeza Bipu ya Masika

Alhamisi, Butembo. Ukungu tangu alfajiri, na mvua ndogo ambayo haitaki kunyesha wala kuacha. Nami leo nina hasira ya namna hiyo hiyo, isiyonyesha wala kuacha.

Jana jioni dada yangu Masika hakubipu.

Nimeiacha sentensi hiyo ikae peke yake kwa sababu ndivyo ilivyokaa kichwani mwangu hadi kulipokucha. Msomaji asiye wa huku atauliza bipu ni kitu gani hata mzee mzima akose usingizi. Nitaeleza. Kuandika bila kueleza ni uvivu, na nimewakemea wanafunzi wengi kwa uvivu huo.

Masika ni mdogo wangu. Ni mjane, anakaa Beni, katika komine, yaani tarafa, ya Ruwenzori. Shamba lake la kakao liko nje ya mji, upande ambako watu huenda asubuhi wakimwomba Mungu na kurudi jioni wakimshukuru, na si wote wanaorudi, maana waasi wako msituni. Kila jioni akifika nyumbani, hupiga nambari ya ofisi ya ushirika wetu wa wakulima, hapa Vulamba, mjini Butembo, ambako mimi, mwalimu mstaafu, ni katibu. Huacha simu ilie mara moja, kisha hukata. Mlio mmoja maana yake nimefika. Miwili maana yake nipigie, kuna jambo.

Mimi sitakiwi kuinua simu. Nikiinua, nimekula salio lake. Kazi yangu ni kuketi, kusikia, na kufunga mlango.

Ni mazungumzo mafupi kuliko yote ninayofanya kwa siku, na ndiyo pekee ninayoyangoja.

Simu hiyo ya ofisi ni simu ya intaneti. Kuna kisanduku cheusi, kidogo kama kitabu cha nyimbo. Upande mmoja kinapokea waya wa intaneti, upande wa pili kimefungwa kwenye simu ya kawaida ya mezani. Kampuni iliyotupa nambari iko mbali, na mitambo yake huendelea kufanya kazi hata sisi tukiwa gizani. Hilo ni jambo la kukumbuka, maana balaa lote la jana limetoka hapo.

Mke wangu amechoka kuona chakula changu kikipoa. Aliniuliza kwa nini Masika asibipu simu yangu ya mkononi, nikaketi na watu nyumbani kama wazee wengine. Swali hilo nilikuwa nimekwisha kumwuliza Masika mara nyingi. Jibu lake ni lile lile: nambari ya ofisi ndiyo ambayo vidole vyake vinaijua. Hakusoma sana, kwa hiyo sikumsumbua. Nikasema, basi, kama dada hataki kuhama, mlio ndio uhame.

Kwenye maelezo ya kampuni nilisoma kwamba ukibonyeza nyota, ukafuatisha saba na mbili, kisha ukaandika nambari nyingine, kila anayepiga kwako atapelekwa kwenye nambari hiyo. Mafundi huiita misimbo ya nyota. Kila kazi ina yake: huu wa kuhamisha simu, ule wa kufuta uhamisho, mwingine wa kuficha nambari. Jana mchana nilibonyeza huo wa kwanza, nikaweka nambari ya simu yangu ya mkononi. Simu ikanijibu kwa milio miwili mitamu. Nikaridhika. Nikafunga ofisi kabla ya jioni, nikaenda nyumbani, nikala chakula cha moto.

Simu ya mkononi ilikaa kimya mezani. Mke wangu akaacha kuitazama. Nami nikaacha kujifanya siitazami.

Nilipompigia Masika, simu yake ilikuwa imezimwa.

Leo asubuhi, kabla ya kunywa chai, nilimpigia Mama Kahindo, jirani yake, ambaye ana kibanda cha kuchajia watu simu. Alipokea akicheka, na kicheko chake kiliniudhi na kunifariji kwa pamoja.

“Ni mwalimu wa Butembo? Masika iko muzima, papa! Asubuhi ameenda ku shamba. Lakini amekukasirikia, ile kabisa.”

“Kama ni mzima, kwa nini hakunibipu jana?”

“Alibipe! Ni weye ulimuwekea mwanamuke.”

“Mwanamke gani?”

“Mwanamuke wa mu simu. Akamwongelesha Kifaransa, akamaliza unités zote za simu yake. Masika akamutukana, barabara yote ikasikia. Mimi nikamwambia, Masika, ile ni mashine. Akasema, mashine ao bibi, amekula franga zangu. Amesema hatakubipe tena.”

Nilimwomba ampe Masika simu akirudi jioni. Akasema haiwezekani. Leo anafunga kibanda mapema kwa sababu ana matanga kwa ndugu zake. Simu ya Masika iko kwake inachajiwa, na atampitishia dirishani kabla ya kuondoka.

Nilimshukuru, nikakata, nikakaa palepale kitandani. Dada yangu alikuwa hai. Hilo nililipokea kwa kupiga magoti. Lakini nilipoinuka niliona kwamba tatizo halijaondoka, limehamia leo tu. Yuko tena shambani. Jioni atarudi au hatarudi, nami nitakuwa sijui, kwa sababu ameapa kwamba hatabipu, na akikasirika hapokei simu yangu.

Yote kwa sababu nilitaka chakula cha moto.

Nilimwita fundi wetu, Mama Katungu. Ni mwanamke mwenye sauti ya sokoni na mikono ya haraka. Intaneti ya nusu ya mtaa huu imepita mikononi mwake. Alifika na viatu vya mpira vilivyojaa tope, akaweka kompyuta yake juu ya meza yangu bila kuomba ruhusa, akafungua ukurasa wa kisanduku, akacheka.

“Mwalimu, kampuni haikusikia kitu. Ni hii boîte njo ilikujibia,” alisema, akikigonga kisanduku kwa kidole.

“Ilinijibu kwa milio miwili. Maelezo yanasema milio miwili ni dalili ya kukubaliwa.”

“Iko na mambo yake ya nyota ndani. Ulipiga sabini na mbili, ikaikamata ku mulango. Kampuni haikupata hata habari.”

Akanieleza, nami nitaieleza hapa kwa lugha inayoeleweka. Kisanduku hiki kina misimbo yake ya nyota, na kampuni nayo ina yake, na nambari zao zinafanana. Ukibonyeza nyota sabini na mbili, kisanduku hakiulizi unasema na nani. Kinadhani unasema nacho. Kikaweka uhamisho chenyewe, katika kumbukumbu yake, na kunipa milio miwili ya kunisifu. Uhamisho wa namna hiyo unaishi maadamu kisanduku kinaishi. Jana jioni umeme ukakatika, betri ya sola, ambayo haikuona jua kwa ukungu wa siku hizi, ikaisha, kisanduku kikazimika, na uhamisho ukazimika nacho.

Masika akapiga wakati huo. Kampuni ikatafuta simu yetu, haikuiona, ikampeleka kwenye sanduku la sauti. Humo ndimo anamokaa yule mwanamke wa Kifaransa. Naye hujibu kabla mlio wa kwanza haujaisha.

Mashine haijui bipu. Inadhani kila anayepiga ana neno la kusema.

Ilibidi basi kukinyamazisha kisanduku, ili msimbo upite uende kwa kampuni. Mama Katungu alifuta misimbo yake ya ndani, mmoja baada ya mwingine. Nikainua simu, nikabonyeza nyota, saba, mbili. Nikapata mlio wa kukataliwa.

“Ah, bon,” alisema. “Sasa inakataa hata kutuma.”

Hapo ndipo nilipojulishwa mpango wa upigaji. Ni mstari mmoja mrefu uliofungwa ndani ya mabano. Unakiambia kisanduku ni nambari za namna gani ziruhusiwe kutoka, na ni lini zihesabiwe kuwa zimekamilika. Nambari za sifuri mwanzoni zilikuwamo. Za nje ya nchi zilikuwamo. Nyota haikuwamo. Kwa kisanduku hiki, nyota ilikuwa kama mtu aliyefika mpakani bila kitambulisho.

Mama Katungu akaongeza nyota na herufi x mbili, yaani nyota na tarakimu mbili zozote. Nilifurahi, kwa sababu kwangu ilionekana kuwa sahihi. Nikabonyeza tena. Kabla sijagusa tarakimu ya kwanza ya nambari yangu, yule mwanamke wa Kifaransa akanikatiza, akaniambia kwa adabu zote kwamba nambari haijakamilika.

“Ninajua haijakamilika!” nilimwambia. “Hujaniacha nikamilishe!”

“Mwalimu, hata weye?” Mama Katungu alisema. “Unagombana naye kama Masika?”

Nilikuwa nimefanya jambo lile lile lililonichekesha kidogo asubuhi.

Kosa lilikuwa hili: tuliambia kisanduku kwamba nyota na tarakimu mbili ni neno kamili. Basi kilipopata saba na mbili kikaona kazi imekwisha, kikatuma, na nambari yangu ikabaki vidoleni. Ilipaswa kuandikwa kwamba baada ya nyota saba mbili zinafuata tarakimu nyingine, na kisanduku kingoje ziishe. Fundi akabadilisha. Kisanduku sasa kikangoja. Kikangoja mno. Nikafika tarakimu ya mwisho, nikakaa na simu sikioni nikisikiliza ukimya, hadi nikabonyeza ile alama ya mistari iliyokingamana ambayo hapa kwetu kila mtu humalizia nayo akiangalia salio. Ikatuma mara moja.

Milio miwili. Safari hii, Mama Katungu alinionyesha kwenye kompyuta yake kwamba ilikuwa ya kampuni.

“Sasa hata moto wa umeme ukatike, hata boîte ikufe, simu itakufuata ku nyumba,” alisema, akafunga kompyuta kwa kishindo. “Sema wasingya, Mwalimu, sema asante. Niletee chai.”

Chai ililetwa. Ningetaka kuandika kwamba siku iliishia hapo, kazi ikiwa imetendeka na mzee akiwa ameridhika.

Lakini mimi hupima. Nilimwambia Mama Katungu abipu ofisi kwa simu yake, jinsi Masika anavyofanya: mlio mmoja, kata. Nikaweka simu yangu ya mkononi katikati ya meza. Akapiga. Akasikia mlio mmoja sikioni mwake, akakata.

Simu yangu haikulia.

“Piga tena.”

Akapiga tena. Haikulia. Akaniambia nimebonyeza vibaya. Nikamwambia apige asikate. Alipoacha ilie, simu yangu iliamka, lakini yeye alikuwa amekwisha kusikia milio kadhaa upande wake.

Nikachukua karatasi, nikaichora njia ya mlio.

Nambari inatoka kwa Masika, inafika kwa kampuni, kampuni inaitafuta simu ya mkononi, mtandao wa simu ya mkononi unanitafuta mimi nyuma ya kilima. Yote hayo yanachukua muda. Anayetaka kuzungumza hausikii muda huo, kwa sababu anangoja. Lakini bipu haingoji. Bipu inakufa njiani kabla ya kufika, na aliyeituma anaenda kunawa miguu akiamini imefika.

Hii ni mbaya kuliko jana. Jana walau yule mwanamke alimwambia kitu.

“Mwambie basi aache ilie mara nne,” alisema Mama Katungu.

“Mtu akiacha ilie mara nne, na mimi nikiwa nimesahau, nikainua?”

“Usiinue.”

“Na milio miwili, ile ya kuita kwa shida, itakuwa mingapi? Sita? Atahesabu akiwa anakimbia?”

“Mwalimu, minakutengenezea simu. Batu benye kubipe, hao sijue kubatengeneza.” Akamaliza chai yake. “Dunia yote inatumia hii kitu. Ni weye na dada yako tu munaikataa.”

Yawezekana. Walioiunda huduma hii waliwaza mtu anayepiga ili apokelewe. Hawakumwaza mwanamke anayepiga ili asipokelewe. Siwalaumu, hawajakaa Beni. Lakini nilichoka kuambiwa siku nzima kwamba kila kitu kinafanya kazi.

Nikamwamuru afute. Uhamisho hufutwa kwa nyota sabini na tatu, na bila shaka mpango wa upigaji ulikuwa umeandikiwa sabini na mbili peke yake, kwa hiyo tukarudi kwenye mlio wa kukataliwa, na kompyuta ikafunguliwa tena, na tope la viatu likaenea hadi chini ya kabati. Nilisema maneno ambayo sitayaandika. Hatimaye ikapita. Kisha tukaiomba kampuni imwondoe yule mwanamke kwenye nambari yetu kabisa, ili hata umeme ukikatika asiwepo mtu wa kujibu. Mama Katungu akatuazima betri ya pili kutoka kwenye pikipiki yake ya mizigo, akaondoka akiwa amelowa, akiniambia kwamba wazee wa Butembo watamzeesha kabla ya wakati.

Kwa hiyo, baada ya siku nzima ya kazi, ofisi yetu ina simu ileile iliyokuwa nayo wiki iliyopita.

Niliketi.

Nilijua hatabipu. Masika akiapa huwa ameapa, na hilo alilirithi upande mmoja nami. Hata hivyo niliketi, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kuweka hofu yangu. Mke wangu alipiga kuuliza nitarudi lini, nikamjibu kwa ukali asioustahili. Nje, akina mama waliokuwa wakiuza viazi walikunja maturubai yao. Nilianza kujiambia kwamba ukimya si habari. Aliye hai na amekasirika hukaa kimya, na asiye hai hukaa kimya vilevile, na mimi hapa kitini sina namna ya kutofautisha. Nilifundisha miaka mingi kwamba sentensi isiyo na kiima bado ni sentensi, kwa sababu msomaji anajua nani anatenda. Leo sikujua.

Simu ikalia.

Mlio mmoja. Niliweka mikono magotini kama nilivyozoea, nikangoja ikatike.

Haikukatika. Ikalia mara ya pili, nikasimama. Ya tatu. Sasa haikuwa tena lugha tuliyokubaliana. Nikainua.

“Yaya?” Huku kwetu ndivyo mdogo anavyomwita mkubwa wake. “Ni weye ao ni bibi yako wa Kifaransa?”

“Ni mimi. Umefika?”

“Nimefika. Miguu iko na tope, sijanawa. Nimenunua unités juu ya kukutukana, usinikatize.”

Nilimwacha anitukane. Alinitukana kwa Kiswahili na kwa Kinande, na sikumsahihisha popote. Alipovuta pumzi nilimweleza habari za kisanduku, uhamisho, umeme na sanduku la sauti, polepole, kwa mpangilio, kama somo. Alinisikiliza kidogo.

“Sasa ulitaka mulio wangu ukufuate ku nyumba?”

“Ndiyo. Ningeusikia nikiwa nyumbani. Au ungebipu moja kwa moja simu yangu ya mkononi, kama ninavyokuomba kila siku.”

“Ile ya mu mufuko? Hapana.”

“Kwa nini, Masika? Usiniambie tena habari za vidole.”

Nilisikia mtu akipita nyuma yake na ndoo.

“Yaya, ile ya mufuko inatembea. Uko ku misa, iko ku misa. Unalala, inalala. Hii ya ofisi haina miguu. Nikisikia inalia, najua kuko mutu ameketi pale, anangoja miye tu.” Sauti yake haikuwa tena ya ugomvi. “Siku papa wa batoto hakurudi, kila mutu alikuwa na simu mu mufuko. Miye nikawaza yeye iko kwa ndugu yake. Ndugu yake akawaza iko kwangu. Weye ukawaza iko kwetu. Tukalala bote. Kama mutu moja tu alikuwa ameketi nafasi moja ya kumungojea, tungejua na mangaribi.”

Shemeji yangu alizikwa na watu wengi, na katika maneno yote yaliyosemwa siku ile, hilo halikusemwa.

“Kesho nabipe,” alisema Masika. “Hapana kamata simu.”

Akakata.

Nimebaki hapa, mlango ungali wazi, ingawa sasa ningeweza kuufunga. Siku nzima nilikuwa nikitafuta namna ya kutokuwapo hapa, na nimetumia akili ya fundi mzuri na subira ya mke wangu katika kazi hiyo. Sijui kama nimkasirikie Masika kwa kutoniambia mapema, au nijikasirikie mimi kwa kumwuliza kila mara kana kwamba nauliza juu ya nambari. Leo siwezi kuamua. Nimechoka, na tope hili lote ni langu kulifagia.

Jambo moja tu haliniachi. Mwisho wa mwezi ushirika unanituma Kanyabayonga, na nitalala huko. Mafundi wana msimbo kwa kila kitu, lakini kiti hiki hakihamishwi kwa nyota. Nitamwomba nani aketi hapa jioni hiyo: mtu ambaye simu ikilia hataigusa, na isipolia hatakwenda nyumbani?